Kufundisha Ubashiri wa Makazi ya Mimea Katika Shule ya Msingi

Kila mwaka wanachuo waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, mimi hupata nafasi ya kusoma maandalio mengi ya masomo. Katika miaka ya karibuni nimeona sentensi moja ikirudi tena na tena katika maandalio ya Sayansi na ya Jiografia: "Kutokana na mabadiliko ya tabia ya nchi, mimea itahamia sehemu za juu zenye baridi." Mwanachuo huiandika ubaoni, wanafunzi huinakili, kisha katika hatua ya tathmini huulizwa: "Mimea itahamia wapi?" Nao hujibu kwa sauti moja: "Sehemu za juu zenye baridi." Somo limekwisha, na mwanachuo hujaza katika andalio lake kwamba lengo limefikiwa.

Sina ugomvi na sentensi yenyewe, kwani ina ukweli ndani yake. Ugomvi wangu ni na namna inavyofundishwa. Maneno hayo si habari ya jambo lililokwisha kutokea, kama kusema kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Ni ubashiri, na ubashiri una sharti ambalo habari ya namna hiyo haina. Anayeutoa hana budi kueleza ameutoa wapi, na anayeusikia ana haki ya kuuhoji. Mwalimu akiuondolea ubashiri sharti hilo, atakuwa amegeuza sayansi kuwa ramli, ila mpiga ramli ana bao lake na mwalimu ana ubao.

Ni maoni yangu kwamba mwanafunzi wa darasa la tano au la sita anaweza kabisa kufundishwa jinsi ubashiri wa makazi ya mimea unavyofanywa, hatua kwa hatua, bila kompyuta wala umeme. Na kwamba asipofundishwa hivyo ni afadhali somo lenyewe liachwe. Wako wakufunzi wenzangu wasiokubaliana nami, na hoja zao nitazigusa mbele.

Yafaa tuanze na mfano. Katika misitu ya Usambara, Nguru na Uluguru hukua ua dogo la rangi ya zambarau, lenye shina fupi na majani yenye manyoya. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliandika katika vitabu vya sayansi kwa jina la Saintpaulia ionantha, kutokana na jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani ambaye alilichukua hapa Tanga na kulipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza katika kundi kubwa zaidi liitwalo Streptocarpus, lakini wakulima wa maua bado wanalijua kwa jina la zamani. Leo ua hili hukaa katika vyungu kwenye madirisha ya nyumba nyingi sana za Ulaya na Marekani. Wajerumani hata huliita kwa jina lenye neno Usambara ndani yake. Huku kwao, porini, hali ni nyingine: aina zake nyingi zimo hatarini, na baadhi hujulikana kutoka mahali pamoja au pawili tu. Wapo walimu wa Muheza na Korogwe ambao hawajapata kuliona, ingawa mwanafunzi wa London analiona kila asubuhi akinywa chai yake.

Sasa, mtaalamu anayetaka kubashiri mahali ambapo ua hili litaweza kuishi miaka hamsini ijayo hufanya nini? Kwanza hukusanya kumbukumbu za mahali lilipopata kuonekana. Kumbukumbu hizo ziko katika hifadhi za mimea mikavu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, na nyingine mbali, kama vile Kew huko Uingereza. Kila mmea mkavu umebandikwa kwenye karatasi yenye maelezo ya mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Mara nyingi na kimo cha mahali pale kutoka usawa wa bahari. Pili, hutazama ramani za tabia ya nchi na kusoma kila mahali hapo pana joto kiasi gani na mvua kiasi gani, na miezi ya ukame ni mingapi. Akiweka tarakimu hizo pamoja hupata mipaka: mmea huu haukuonekana penye joto la kupita kiasi hiki, wala penye mvua iliyo chini ya kiasi kile. Tatu, huuliza ni wapi pengine panapotimiza masharti hayo leo. Mwisho huweka ramani ya joto na mvua inayokadiriwa kwa miaka ijayo, na kuuliza swali lilelile upya.

Ndiyo kazi yote. Kompyuta huifanya upesi na kwa hesabu ngumu zaidi, lakini haifanyi jambo jingine. Waaustralia walikuwa na programu ya aina hii tangu miaka ya 1980. Na programu inayotumiwa sana siku hizi, iitwayo Maxent, ilielezwa na Steven Phillips na wenzake mwaka 2006. Ninayataja haya ili mwanachuo asitishwe na jina la kompyuta. Mtoto anayejua kusoma ramani na kutoa hesabu za kujumlisha anaweza kufuata njia hiyo kwa mkono.

Anaweza pia kuikosoa, na hapa nitatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Kabla sijawa mkufunzi nilifundisha shule ya msingi chini ya milima ya Usambara Mashariki. Siku moja, katika darasa la sita, nilichora mlima ubaoni. Nikatia nukta kwenye kimo cha mita 750, nikaandika "ua", kisha nikachora mshale kwenda juu hadi mita 950. Nikaeleza kwamba joto likizidi, ua litahitaji kupanda. Jioni nilisahihisha madaftari. Swali lilikuwa moja: "Joto likiongezeka, ua hili litapatikana wapi?" Darasa karibu zima liliandika, "Juu zaidi," nami nikawapa vema. Msichana mmoja aliandika: "Halitapatikana. Huko juu kuna chai." Nikamwekea alama ya kosa.

Asubuhi yake alinijia ameshika daftari kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, naomba kuuliza. Pale kwenye mshale ndipo baba anapochuma chai. Hapana msitu pale. Na yale maua hukaa kwenye mawe, penye kivuli."

Nilimjibu jibu ambalo sisi sote tulijibiwa tulipokuwa watoto: "Jibu kama ulivyofundishwa." Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akarudi mahali pake.

Yalipita majuma kadhaa kabla sijapanda njia ile kwa miguu. Nilifika mahali mshale wangu ulipoishia. Ilikuwa chai, safu baada ya safu, imekatwa sawasawa kama nywele za askari, hadi kwenye ukingo wa barabara. Mawe yalikuwapo, ila yalikuwa juani na makavu. Nikafahamu kwamba mtoto yule alijua mambo mawili ambayo mimi sikuyatia katika mchoro wangu: matumizi ya ardhi, na haja ya mmea ya jiwe lenye unyevu na kivuli. Mimi nilikuwa na joto peke yake. Alikuwa amefanya kazi ile ile ambayo wataalamu hufanya wanapokosoa ramani za wenzao, naye nilimpa sifuri.

Tangu wakati huo nimekuwa nikilifundisha somo hili kwa karatasi za kuona, na ningependa kuieleza njia hiyo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndiyo kiini cha maoni yangu.

Vifaa ni vichache. Inatakiwa ramani ya eneo yenye mistari ya kontua, hata kama ni nakala iliyochorwa na mwalimu mwenyewe. Inatakiwa penseli, mkaa, na karatasi za kunakilia ramani. Shule isiyo na karatasi hizo itumie karatasi nyeupe za kawaida zilizopakwa mafuta ya kupikia kidogo na kuachwa zikauke. Zitapitisha mwanga vya kutosha. (Zipakwe siku moja kabla ya somo. Mwanachuo mmoja alizipaka asubuhi ileile, na madaftari ya darasa zima yakanuka mafuta muhula mzima.) Mwisho, linatakiwa dirisha linaloingiza jua.

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, kila kikundi karatasi yake. Kikundi cha kwanza kinakili mipaka ya eneo na kutia nukta mahali ambapo mmea umeonekana. Nukta hizo zitokane na matembezi ya wanafunzi wenyewe na masimulizi ya wazee. Wala mmea using'olewe kuletwa darasani, bali uchorwe pale pale ulipo. Kikundi cha pili kitazame nukta hizo ziko kati ya kimo gani na kimo gani, kisha kipake mkaa sehemu zote zilizo nje ya vimo hivyo. Kikundi cha tatu kifanye vivyo hivyo kwa maji: sehemu zote zilizo mbali na vijito na miamba yenye unyevu zipakwe mkaa. Kikundi cha nne kipake mkaa mashamba, vijiji, barabara na chai.

Karatasi ya pili na ya tatu zikibandikwa pamoja dirishani, mwanga utapita mahali tu ambapo hapana mkaa katika karatasi yoyote. Pale penye mwanga ndipo "panapofaa". Mwalimu asiseme neno. Awaache watoto wahesabu nukta zao: ngapi zimeangukia penye mwanga, na ngapi zimeangukia gizani? Kama nukta imeangukia gizani, nani amekosea, aliyeweka nukta au aliyepaka mkaa? Swali hilo moja laweza kuchukua nusu ya kipindi, nami huliachia.

Kisha ndipo lije swali la wakati ujao. Hapa pana hesabu nzuri inayofaa darasa la sita. Hewa ya milimani hupungua joto kwa kadiri ya nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda. Joto la dunia kwa jumla limekwisha kuongezeka. Muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la kupita lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1 hivi. Tuseme basi kwamba katika mlima wetu joto litaongezeka kwa nyuzi nyingine 1.2. Je, mmea utatakiwa kupanda mita ngapi ili ukute joto lilelile ulilolizoea? Mwanafunzi agawanye 1.2 kwa 0.6, apate 2, azidishe kwa 100, apate mita 200. Kikundi cha pili kichore karatasi mpya, mipaka yote ikisogezwa juu kwa mita 200. Ibandikwe dirishani mahali pa ile ya zamani.

Mwanga utapungua. Watoto huliona hilo kabla ya mwalimu kulisema, na baadhi yao watauliza sababu. Iko wazi: mlima huenda ukisongamana kileleni. Kwa kulithibitisha, kila kikundi kifinyange mlima wa udongo wenye umbo la pia iliyogeuzwa, na kuukata katikati ya kimo chake kwa uzi uliokazwa. Upana wa duara lililokatwa utakuwa nusu ya upana wa chini, lakini eneo lake ni robo tu. Mmea uliokimbilia nusu ya mlima haukupoteza nusu ya nafasi. Umepoteza robo tatu. Na ule uliokuwa umekwisha kufika kileleni? Usambara Mashariki vilele vyake vinaishia kwenye mita 1,500 hivi. Mmea unaokaa kwenye mita 1,400 ukitakiwa kupanda mita 200, utapanda kwenye hewa. Usambara Magharibi kuna vilele vya kupita mita 2,200, lakini kati ya milima hiyo miwili pana bonde la Lwengera, na mmea wa jiwe lenye kivuli hauna njia ya kuvuka bonde lenye joto na mashamba.

Baada ya hapo, na si kabla, ibandikwe karatasi ya nne, ile ya mashamba na chai. Nimelifundisha somo hili mara nyingi, na sijapata kuona darasa ambalo halikunyamaza kwa dakika nzima wakati huo.

Mwanachuo atakayefundisha Singida au Mtwara asidhani kwamba somo hili ni la watu wa milimani tu. Achague mmea unaojulikana kwake na unaopungua: mpingo, mninga, au mti wa dawa ambao wazee husema zamani ulikuwa karibu na kijiji na sasa hufuatwa mbali. Kwenye tambarare kimo hakitasaidia sana. Hapo udongo, maji na moto vitachukua nafasi yake.

Lililo gumu zaidi kulifundisha si hesabu, bali ni kasoro za hesabu. Ningependa mwalimu mtarajiwa azifahamu baadhi, hata kama hatazitaja zote darasani.

Nukta zenyewe zina upendeleo. Amani palikuwa na kituo cha utafiti cha Wajerumani tangu mwaka 1902, na kwa hiyo wachumaji wa mimea walipita sana Amani na kando ya njia ziendazo Amani. Milima isiyo na barabara ina nukta chache, si lazima kwa sababu haina mimea. Mtoto anaweza kuuona upendeleo huo katika karatasi ya darasa lake: nukta nyingi zitakuwa kando ya njia ya kwendea shule. Vivyo hivyo, mahali pasipo na nukta si mahali pasipo na mmea. Erythrina schliebenii, mti wa pwani ulio ndugu wa mwamba-ngoma, uliwahi kuandikwa kwamba umetoweka duniani. Kumbe ulikuwapo, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta katika misitu ya upande wa Kilwa. Tuwafundishe watoto kuandika "hatukuuona" badala ya "haupo". Ni maneno mawili tofauti kabisa, ingawa katika madaftari mengi hutumika kama jambo moja.

Iko pia kasoro ya ukubwa wa kipimo. Ramani za tabia ya nchi zitumiwazo na wataalamu aghalabu hugawanya nchi katika miraba ya kilometa moja kwa moja. Ua letu huishi katika ufa wa jiwe usiotoshea kiganja. Ndani ya mraba mmoja mna bonde lenye ukungu na mgongo wa mlima uliokauka, na ramani huvipa vyote viwili joto moja. Huenda basi ua likasalia katika korongo moja lenye baridi mahali ambapo ramani imepatia giza tupu. Misitu ya milima hii ya Tao la Mashariki yadhaniwa kuwa iliokoka zama za ukame mkubwa wa kale kwa ajili ya unyevu utokao Bahari ya Hindi. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba haitaokoka tena.

Kuhusu mvua, wataalamu wenyewe wamo katika mashaka. Mvua za masika katika Afrika Mashariki zilipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, ilhali hesabu nyingi za kompyuta zinabashiri kwamba mvua zitaongezeka. Wamelipa jambo hilo jina la kitendawili. Sioni aibu kumwambia mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba wakubwa wana kitendawili ambacho bado hawajakitegua; yeye mwenyewe hutegewa vitendawili kila siku, na hajawahi kufikiri kwamba kushindwa kutegua ni sawa na kudanganya.

Wala ubashiri uliokosea si kazi bure. Huko Madagaska watafiti walitengeneza ramani za mahali vinyonga wanaojulikana wangeweza kuishi, na ramani hizo zikaonyesha sehemu fulani ambazo vinyonga hao hawakupata kuonekana. Walipokwenda kutafuta, hawakuwakuta waliowatazamia. Walikuta aina nyingine saba ambazo sayansi haikuzijua, nao wakaandika habari hiyo mwaka 2003. Mwanachuo akumbuke hayo pindi nukta ya mtoto ikiangukia gizani.

Nimeacha mwisho jambo linalonisumbua zaidi. Ramani yenye neno "panapofaa" si karatasi ya darasani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Derema katika Usambara Mashariki, wakulima wa iliki walilipwa fidia ili waache mashamba waliyokuwa wakiyalima chini ya miti ya msitu. Hoja ilikuwa kwamba ukanda ule unaunganisha misitu ya kusini na ya kaskazini, na kwamba mimea na wanyama vinahitaji njia hiyo. Kama hoja ya elimu ya viumbe, ilikuwa na nguvu. Hesabu yetu ya mita 200 inaiunga mkono. Lakini iliki ile ndiyo iliyolipa karo na kuezeka nyumba, na mjadala juu ya malipo yale ulichukua miaka. Miongoni mwa wanafunzi tunaowafundisha wamo watoto wa nyumba kama hizo. Mwalimu anapowaambia "hapa panafaa kwa ua", wanasikia pia lile ambalo hakulisema: kwamba huenda hapafai tena kwa baba yao.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na vitabu vinavyomaliza somo hili kwa picha ya mkulima mwenye shoka kama adui wa mimea. Kwanza si kweli yote, maana chai haikupandwa na mkulima mdogo, wala mti wa msizi haukuletwa naye. Msizi uliletwa Amani kutoka upande wa magharibi kwa ajili ya misitu ya mbao, hondohondo wakazila mbegu zake na kuzisambaza, na sasa umeingia ndani ya msitu wa asili. Yeyote anayependekeza leo kwamba mimea iliyo hatarini ibebwe na kupandwa kwenye mlima mwingine auangalie kwanza msizi. Pili, mtoto akifundishwa kwamba sayansi imekwisha kumhukumu baba yake, ataifunga sayansi kabatini pamoja na sare ya shule. Mimi huwaachia swali wazi: kama eneo hili linafaa kwa ua na linafaa kwa iliki, nani akae wapi katika kuamua, na aliyepoteza alipwe nini? Majibu ya watoto huwa ya haki kuliko nilivyotazamia, na wakati mwingine huwa makali.

Wenzangu hunipinga kwa mambo mawili. Husema vipindi ni vichache na madarasa yana wanafunzi wengi. Ni kweli. Somo hili lahitaji vipindi vinne, na mimi huvipata kwa kulichanganya na Hisabati na Jiografia. Mwalimu wa darasa kubwa awe na vikundi vinane badala ya vinne, viwili viwili vikifanya karatasi moja kisha vilinganishe. Husema pia kwamba mtihani hutaka jibu moja, na mtoto aliyezoea kuhoji atapoteza alama. Hoja hii ni nzito zaidi, nami siwezi kuipuuza, kwani mtihani hausahihishwi na mimi. Ninachofanya ni kumfundisha mtoto kuandika jibu pamoja na sharti lake: "Ikiwa joto tu ndilo litakalobadilika, na ikiwa njia ipo, mmea utapanda juu." Hakuna msahihishaji atakayelikataa, na mtoto hakusema uongo. Katika mazoezi ya darasani mwangu, alama moja ni ya jibu na alama tatu ni za sababu. Anayenipinga kwa sababu aliyoiona kwa macho hupata zote nne.

Msichana yule sikupata kumrudishia alama zake. Nilihamishwa kabla ya muhula kwisha, na madaftari ya mwaka ule, kama yalivyo madaftari mengi, nadhani yaliishia kufungia karanga. Lakini mwaka jana, katika shule tunayoitumia kwa mazoezi, darasa la sita lilimaliza somo hili kwa kuandika nyuma ya kila karatasi tarehe, majina ya kikundi, na sentensi moja ya ubashiri. Kikundi kimoja kiliandika kwamba kwenye kijito cha juu ya shule wameona mashina kumi na saba ya ua, na kwamba baada ya miaka mitano watabaki chini ya kumi. Kikundi kingine kikaandika chini yake, kwa kalamu nyekundu, kwamba hawakubali, kwa sababu mwamba ule hautazami jua. Karatasi zote zimefungwa kwa uzi na kuwekwa katika kabati la zana, na mwalimu wa darasa ameandika kwenye bahasha kwamba mwezi Machi kila mwaka darasa la sita liende kijitoni kuhesabu.